Tunauza Funza Wakubwa, Tunabakiza Wadogo

Kijana mmoja anayefuga funza pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Chanika, alinionyesha siku moja jinsi anavyovuna. Alimwaga trei nzima juu ya chekeche la waya, akalitikisa kwa mikono miwili, na baada ya dakika chache mavuno yakawa yamejigawa: juu wamebaki funza wanono wa rangi ya malai, chini wameanguka wadogo pamoja na mbolea. Wale wa juu aliwatia ndooni kwa ajili ya mteja wake, mfugaji wa kuku aliyekuwa akisubiri nje na pikipiki. Wale wa chini aliwarudishia mabaki ya chakula wamalizie kukua, wageuke pupa, kisha waingie kwenye neti ya nzi na kutaga mayai ya awamu ijayo. Nilipomuuliza kwa nini hawa ndio wawe wazazi, alinipa jibu ambalo sikuweza kulibishia pale pale: wakubwa ndio wenye bei.

Mfugaji wa ng'ombe ambaye angechinja madume yake mazuri yote na kumwacha dume dhaifu apande majike angechekwa na kijiji kizima. Kwa funza hakuna anayecheka, kwa sababu ni wachache wanaofikiri kwamba mdudu naye ana ukoo, na kwamba mtu anayeamua nani auzwe na nani abaki tayari anachagua mbegu, atake asitake. Sekta hii imeanza kukua Afrika Mashariki, na mazungumzo yake karibu yote ni ya taka, mbolea na bei ya chakula cha kuku. Suala la mbegu limeachwa lijiendee lenyewe, na ninaloliona ni kwamba linakwenda kinyumenyume.

Funza ninaowazungumzia, na niseme mapema ili msomaji asikunje vidole vya miguu, ni mabuu wa nzi askari mweusi, ambaye kitaalamu huitwa Hermetia illucens. Asili yake ni bara la Amerika, lakini leo yuko karibu kila nchi yenye joto, zetu zikiwemo, na hupita mbele ya macho ya watu bila kutambuliwa kwa kuwa anafanana zaidi na nyigu kuliko na nzi wa nyumbani. Akishakuwa nzi kamili hahitaji chakula. Huishi siku chache kwa akiba ya mafuta aliyojiwekea akiwa buu, hupandana, hutaga na kufa. Jike hutaga mara moja tu, fungu moja lenye mayai yapatayo 500 au zaidi, katika ufa mkavu ulio karibu na kitu kinachooza. Mayai huanguliwa baada ya siku nne hivi, na kwa muda wa wiki mbili mabuu hula karibu kila kitu ambacho binadamu amekitupa, wakikipunguza kwa nusu au zaidi na kuacha mbolea. Wakikaushwa, takriban asilimia 40 ya uzito wao ni protini na karibu theluthi ni mafuta. Kutoka yai hadi yai huchukua siku 40 hadi 45, joto likiwafaa. Kwa mfugaji wa kuku wa Mwanza au Kisumu, ambaye miaka yote amekuwa akitegemea dagaa wa Ziwa Victoria, waliochanganyika na mchanga na wanaogombaniwa na meza za watu, hesabu hiyo inajieleza.

Kwamba nzi huyu huitikia uchaguzi wa mbegu si jambo la kukisia tena. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya Protix ya Uholanzi walichapisha matokeo ya kuchagua wazazi kwa uzito wa mwili kwa vizazi 16 mfululizo. Walipowalinganisha na ukoo ambao haukuchaguliwa, funza wao walikuwa wazito zaidi kwa wastani wa asilimia 39, na protini iliyovunwa katika kila kreti ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 32. Kilichobadilika ni damu tu. Na tukipiga hesabu ya siku 45 kwa kizazi, vizazi 16 havifiki hata miaka miwili. Kwa ng'ombe, ambaye kizazi chake ni kama miaka mitano, safari hiyo hiyo ingechukua miaka 80. Kazi ya kumtengeneza ng'ombe wa Mpwapwa, aliyechanganyiwa damu za Sahiwal, Red Sindhi na zebu wa kienyeji ili atoe maziwa na nyama katika ukame wa Dodoma, ilikula miongo kadhaa ya karne iliyopita, na hadi leo idadi yao ni ndogo. Mtafiti wa nzi anaweza kuona matokeo ya kazi yake kabla mwanafunzi wake wa shahada ya uzamili hajahitimu.

Lakini kasi hiyo hiyo hufanya makosa nayo yaende mbio. Mwanzoni nilidhani kwamba dawa ya yule kijana ni kuligeuza chekeche lake: wakubwa wabaki, wadogo wauzwe. Mambo si mepesi hivyo, na hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hukwama. Funza ambaye trei yake ilikuwa na wenzake wachache, au aliyeangukia upande wenye maembe yaliyooza badala ya upande wenye maganda makavu ya ndizi, atanenepa hata kama wazazi wake walikuwa hafifu. Unono huo ni wa chakula, na hauwafikii watoto wake. Isitoshe, jike wa nzi huyu huwa mzito kuliko dume tangu akiwa pupa, kwa hiyo anayeokota pupa wakubwa peke yao anajaza neti majike, na kizazi chote kinachofuata kinakuwa kimezaliwa na madume wachache. Anayefikiri kwamba atakwepa mtego huo kwa kuchagua wanaowahi, akitaka funza wa haraka, anaingia katika mtego wa pili, maana madume hutoka kwenye maganda ya pupa siku moja au mbili kabla ya majike, na wanaowahi kutoka wengi wao ni madume. Macho na chekeche havitoshi. Havikutosha kwa mnyama yeyote, ila kwa mdudu asiyeweza kuvishwa hereni sikioni upungufu huo unaonekana haraka zaidi.

Kinachochaguliwa kwa haki ni ukoo, na njia hiyo ni ya zamani. Mwaka 1865 Louis Pasteur alitumwa Alès, kusini mwa Ufaransa, ambako ugonjwa wa pebrine ulikuwa ukiwamaliza viwavi wa hariri. Dawa ya kuwatibu viwavi hakuipata. Alichoacha ni utaratibu wa mbegu. Kila nondo jike alitengwa atage mayai yake peke yake, kisha mwili wake ulisagwa na kutazamwa kwa hadubini, na akikutwa na vimelea vya ugonjwa mayai yake yote yaliteketezwa. Wakulima walijifunza kumhukumu mtoto kwa mama yake, kabla hata neno vinasaba halijabuniwa.

Nzi askari anatupa nafasi hiyo hiyo bila hata kuhitaji hadubini. Kwa kuwa jike hutaga fungu moja mahali pamoja, kila fungu lililobandikwa katika ufa wa boksi ni watoto wa mama mmoja, mradi nyufa ziwe nyingi ili majike wasibanane katika ufa mmoja. Mfugaji mwenye subira anaweza kutenga mafungu 60, akaangua kila moja peke yake, akahesabu funza 200 kwa kila kopo, makopo mawili kwa kila ukoo yakiwekwa mahali tofauti bandani, akawapa chakula cha aina moja na uzito mmoja, kisha siku ya 12 akayapima kwa mzani mdogo wa jikoni. Ukoo uliotoa makopo mawili mazito, katika pembe mbili tofauti za banda, una jambo la kusema kuhusu damu yake. Kazi hii inachosha kuliko inavyosikika, hasa hapo kwenye kuhesabu, lakini haihitaji mashine.

Inahitaji pia kujizuia, kwa sababu kishawishi cha kwanza cha anayeona makopo mawili bora ni kuwafanya hao wawe wazazi wa kundi zima. Gramu moja ya mayai ina mayai zaidi ya 30,000, na idadi hiyo inadanganya macho. Inatoka kwa majike wapatao 60 tu. Kanuni ya wataalamu wa vinasaba inasema kwamba kundi la wazazi 50 wanaochangia sawasawa hupoteza asilimia 1 ya utofauti wake kila kizazi. Kwa ng'ombe, asilimia hiyo moja hupotea kwa miaka mitano. Kwa nzi hupotea kwa wiki sita, yaani kiasi cha asilimia 8 kwa mwaka, na baada ya vizazi 16 undugu ndani ya neti unakuwa umepita ule wa watoto ambao mtu angezaa na dada yake wa baba mmoja, mama mbalimbali. Na hapo nimekadiria kwa ukarimu, maana ndani ya neti wazazi hawachangii sawasawa hata kidogo: mfugaji hukusanya mayai ya siku mbili tatu yanapokuwa mengi, na nzi wa siku nyingine zote hufa bila kuacha kizazi. Mtu ana nzi elfu kumi mbele yake na anaamini ana wazazi elfu kumi.

Hali hiyo si ya wafugaji wadogo peke yao. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliopima makundi 150 ya nzi hawa, wa porini na wa kufugwa, kutoka nchi 57, ulionyesha kwamba makundi yanayofugwa duniani yametawaliwa na ukoo mmoja wenye asili ya Amerika Kaskazini, na kwamba utofauti wao ni mdogo ukilinganishwa na wa porini. Kwa maneno mengine, sekta inayojivunia kuwa mpya tayari imesimama juu ya mguu mmoja. Wafugaji wa nyenje wanajua maana yake: virusi aina ya densovirusi viliyapiga mashamba ya nyenje wa nyumbani Ulaya tangu miaka ya 1970, kisha vikafika Amerika Kaskazini karibu na mwaka 2010, na baadhi ya wenye mashamba wakaishia kubadili aina ya nyenje kabisa. Sidai kwamba undugu ndio uliowaua. Ninachosema ni kwamba kundi lenye damu moja halina wa kubaki.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tusinunue mbegu iliyokwisha kuboreshwa huko Uholanzi, tukajiepusha na kazi ya makopo. Swali hilo lina jibu la kisheria na la kibiolojia, na yote mawili yanaelekea upande mmoja. Sheria za Umoja wa Ulaya zinamhesabu mdudu wa kufugwa kuwa mfugo, hivyo haruhusiwi kulishwa kinyesi wala mabaki ya jikoni na hotelini. Nzi aliyechaguliwa huko amechaguliwa kwa pumba, machicha ya bia na mabaki safi ya viwanda vya vyakula, katika vyumba vyenye joto lisilopanda wala kushuka. Huku kwetu kinachomsubiri ni kabichi zilizochacha kutoka sokoni, maganda ya ndizi, ukoko wa ugali na wali wa harusi ya juzi, na Nairobi hata kinyesi cha binadamu, ambacho kampuni ya Sanergy ilijenga mradi wake wa funza juu yake kwa kukikusanya kutoka vyoo vya mitaa kama Mukuru. Watafiti wa Uswisi walichapisha mwaka 2022 matokeo ya kulisha koo nne za nzi hawa vyakula vitatu tofauti, na ikaonekana wazi kwamba ubora wa ukoo hautenganishwi na chakula uliopewa. Aliyeng'ara kwenye chakula kimoja hakuwa lazima ang'are kwenye kingine. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Kilimanjaro na Kiambu hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa takwimu. Wamelipa ada yake kwa Friesian waliokuja na sifa za lita 30 na kukutana na majani makavu ya Februari.

Hata sifa yenyewe ya kuchaguliwa ingekuwa tofauti. Uzito ni sifa inayomfaa mwenye kiwanda, kwa kuwa anauza kilo na chakula anakinunua. Mfugaji wa Limuru ana tatizo jingine kabisa. Nzi hawa hupandana wakiruka kwenye mwanga mkali, na mwezi Julai, mawingu yanapokaa juu ya Nairobi kwa wiki nzima na baridi ikashika, neti hujaa nzi waliojikunyata wasiofanya lolote. Mayai hupungua, mnyororo mzima hukatika, na mwenye banda huanza kununua taa na kulipa umeme ambao hakuuwekea hesabu. Ukoo unaotaga kwa uhakika siku za mawingu ungemfaa zaidi kuliko ukoo ulioongeza asilimia 39 ya uzito. Kwa Dar es Salaam, ambako joto halina shida, ningetazama uwezo wa kustahimili chakula chenye nyuzinyuzi na maji mengi kama mabaki ya mboga. Hakuna mtu Ulaya atakayetuchagulia sifa hizi, na sioni sababu ya kumlaumu. Hana Julai yetu.

Katika uvuvi tumewahi kuona filamu kama hii. Kuanzia mwaka 1988, sato wa porini walikusanywa kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakapelekwa Ufilipino, wakachanganywa na sato waliokuwa wakifugwa Asia na kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi, kasi ya kukua ikipanda kwa asilimia 12 hadi 17 kila kizazi. Damu ya Afrika ilizaa samaki bora wa mabwawa ya Asia. Kwa miaka mingi samaki hao hawakuruhusiwa kurudishwa Afrika, kwa hofu ya haki kwamba wakitoroka wangeingiliana na sato wa asili. Sioni wizi katika kisa hicho, ninaona uzembe: hazina ilikuwa kwetu, na daftari likafunguliwa kwingine. Nzi askari hatuwezi kumdai kuwa wetu kwa asili, lakini nzi wa porini wanaozunguka masoko yetu wamekwisha kuchujwa na hali ya hewa na taka za hapa kwa vizazi visivyohesabika, bila malipo. Neti hutoboka, na tukijaza mabanda yetu damu moja kutoka nje, hata hao wa porini hawatabaki walivyo.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wataalamu wa ugani huniambia kwamba mfugaji mdogo ana mambo ya kurekebisha kabla ya kufika kwenye ukoo: amezidisha idadi ya funza katika trei, chakula chake kina maji mno, trei zake zimekaa juani. Ni kweli kabisa kwamba kurekebisha unyevu na msongamano kutamwongezea mavuno mwezi ujao kuliko mpango wowote wa mbegu, na anayelisha ukoo bora chakula kibovu anapoteza fedha. Tatizo ni kwamba mbegu haisubiri zamu yake. Wakati tunarekebisha trei, chekeche linaendelea kuchagua kila siku 45, na mwelekeo wake tumekwisha kuuona.

Kazi hii hata hivyo haiwezi kuachiwa kijana mwenye neti mbili. Nchini Kenya ipo icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoasisiwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, yenye uzoefu wa miaka mingi na nzi huyu. Tanzania ina Chuo Kikuu cha Sokoine na taasisi ya utafiti wa mifugo, TALIRI, ambayo kituo chake cha Mpwapwa kinajua maana ya kutunza daftari la ukoo. Kundi la msingi la koo mia moja, lililoanzishwa kwa nzi wa porini kutoka pwani, kanda ya ziwa na nyanda za juu, likilishwa taka za masoko yetu, ni mradi mdogo kuliko ujenzi wa josho la ng'ombe. Heri liwe mahali pawili kuliko pamoja. Tunakumbuka jinsi vifaranga 6,400 vilivyovushwa Namanga kutoka Kenya vilivyoteketezwa mwaka 2017 kwa hofu ya mafua ya ndege. Anayetegemea mbegu ya ng'ambo ya mpaka anategemea pia tabia ya mpaka siku hiyo. Na mayai ya koo hizo yauzwe kwa bei ya kawaida, si kugawiwa bure, maana cha bure hakitunziwi kumbukumbu.

Yule kijana wa Chanika nilimrudia baada ya miezi kadhaa. Bado anauza wakubwa, kwa sababu bei haijabadilika, lakini sasa kabla ya kuchekecha huchota kikombe kimoja kutoka kila trei, wakubwa kwa wadogo kama walivyo, na hao ndio wanaokwenda kwenye neti. Angalau hachagui kinyume tena. Aliniuliza atapata wapi damu mpya bila kuinunua kwa jirani ambaye naye alianzia kwake. Tukafunga vipande vya boksi juu ya ndoo ya mabaki yaliyochacha, nyuma ya soko, mbali na banda lake. Mara ya mwisho tulipozungumza alikuwa amepata mafungu 11, kila moja katika kopo lake lenye namba ya mkaa, nje ya banda, akisubiri kizazi kimoja kipite aone kama wana ugonjwa kabla ya kuwaingiza ndani.